Barua ya Wazi kwa Bodi ya Shule Iliyomfukuza Namba 6

Huruma, Nairobi

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Usimamizi, pamoja na Mwalimu Mkuu

KUH: MTOTO MLIYEMFUKUZA NA WALE WATAKAOMFUATA

Waheshimiwa,

Natumai hamjambo nyote pamoja na familia zenu. Jina la shule silitaji. Ninyi mnajijua, wazazi wa mtaa huu wanawajua, na wasiowajua hawana haja, maana nimezungumza na wazazi wa shule nyingine hapa karibu na hadithi ni ile ile. Mtoto naye simtaji. Nitamwita Namba 6, kwa kuwa ndiyo jezi anayovaa katika timu yangu ya watoto wa chini ya miaka 14. Aliichagua mwenyewe siku ambayo wenzake walikuwa wakigombania 7 na 10.

Hii si barua ya kwanza. Ya kwanza niliileta kwa mkono wiki moja baada ya mtoto kufukuzwa, karani akaigonga muhuri. Ya pili niliipitisha kwa mwakilishi wa wazazi. Ya tatu niliketi nayo kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba, nikiambiwa Mwalimu Mkuu yuko mkutanoni, kisha nikaliona gari lake likitoka kwa lango la nyuma. Sina chuki naye. Mimi pia hupita njia ya nyuma nikiwa na deni dukani. Ila barua tatu zikikosa majibu, ya nne haina sababu ya kupanda ngazi za ofisi tena.

Mnayoyajua nitayapitia haraka. Muhula wa kwanza, Namba 6, mwanafunzi wa Gredi ya 7, alimchoma mwenzake kiganjani kwa bikari. Kidonda kilishonwa nyuzi tatu. Akachapwa mbele ya paredi, akatumwa alete mzazi, mama akaja, akaambiwa amtafutie mtoto wake shule nyingine. Yote yalikwisha kwa siku mbili. Sisemi hakukosa. Aliyechomwa ni mtoto wa watu, mama yake ni jirani yangu, nilienda kumpa pole na nikakuta mkono umevimba.

Msiyoyajua ni haya, na hamyajui kwa sababu hakuna aliyeuliza. Siku ya maandamano ya Saba Saba, tarehe 7 Julai 2025, mlango wa nyumba yao ulivunjwa na watu wenye rungu waliokuwa wakifukuza vijana kwenye vichochoro. Mjomba wake alipigwa juu ya kitanda wanacholalia wote. Mtoto alikuwa chini ya kitanda hicho. Tangu siku hiyo haketi mahali mgongo wake ukiwa wazi. Hata kwenye matatu husubiri kiti cha nyuma kabisa. Darasani mlimpa dawati la katikati. Siku ile mwenzake alimkamata bega kutoka nyuma, kwa mzaha, wakati wa hisabati, na bikari ilikuwa mkononi kwa kuwa walikuwa wakichora duara.

Niseme pia kwa nini jambo hili limenikaa kooni.

Nilikuwa na miaka 9 matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa jioni ya tarehe 30 Desemba 2007. Tulikaa ghorofa ya nne, hapa hapa Huruma. Mama aliegemeza godoro dirishani kuzuia mawe, na kwa siku kadhaa hatukujua mchana wala usiku ila kwa harufu: asubuhi matairi, jioni matairi na kitu kingine. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi, baadaye ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima, 405 kati yao kwa risasi. Sisi watoto hatukuwa na hesabu, tulikuwa na mchezo. Tulichora mstari wa chaki kwenye ngazi za ploti, upande huu wetu, upande ule wao. Kila mtu alikatiwa kitambulisho cha boksi. Ukivuka, unaulizwa kitambulisho, unaulizwa neno moja kwa lugha ya mama. Ukikosea, mikanda. Tulicheza hivyo mpaka Aprili, miezi miwili baada ya wakubwa, Kibaki na Raila, kupeana mikono pale Harambee House, na hakuna mtu mzima aliyepita kwenye zile ngazi akauliza tunacheza nini. Shule ilipofunguliwa, madawati kadhaa yalikuwa matupu. Mwalimu aliyasogeza ukutani, somo likaendelea.

Nikiwa na miaka 12, kijana mmoja alikamatwa karibu na soko la mbuzi la Kiamaiko. Walisema ameiba simu. Mayowe ya "mwizi!" mnayajua yanavyokusanya watu. Nilirusha jiwe. Hakuna aliyenituma, simu haikuwa yangu, kijana sikumjua. Kama lilimpata sijui, na kama alipona sijui. Ninachokumbuka ni kwamba mkono haukusita hata kidogo, na jioni nilikula ugali wangu wote nikaongeza.

Kesho yake kocha wangu wa wakati huo, mzee mmoja aliyekuwa fundi wa viatu, aliniketisha kando ya uwanja. Alikuwa ameniona. Nilisubiri kofi. Akaniuliza, "Ulikuwa unamrushia nani?" Basi. Sikuwa na jibu. Aliniuliza tena Jumamosi iliyofuata, na ile nyingine. Wiki ya tatu nikaanza kuongea, nikaongea kuhusu ngazi na boksi na madawati, vitu ambavyo sikudhani vina uhusiano na mwizi wa simu.

Mimi si daktari wa akili. Ni kocha, na mchana nauza vipuri vya pikipiki. Lakini nasoma. Mwaka 2011 watafiti watatu, Edward Miguel, Sebastián Saiegh na Shanker Satyanath, walichapisha utafiti ambao kocha yeyote angeupenda. Waliwachukua wachezaji wa ligi kubwa za Ulaya, wakahesabu miaka ambayo nchi ya kila mmoja ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1980, wakailinganisha na kadi anazopata. Waliotoka nchi zilizopigana miaka mingi walionyeshwa kadi nyingi zaidi, hata baada ya kuzingatia nafasi anayocheza mtu uwanjani, umri wake na uchumi wa kwao. Hao ni watu wanaolipwa mamilioni, wenye kamera juu yao na refa wa kuwaadhibu. Kadi si kisu, najua, na takwimu za nchi nzima hazimhukumu mchezaji mmoja. Lakini nikisoma vile nilifikiria kikosi changu. Nina watoto waliozaliwa kijiji cha Mathare kinachoitwa Kosovo. Hawajui Kosovo ni wapi. Hawajui kijiji chao kilipewa jina la vita vya watu wengine, vilivyoonekana kwenye runinga kabla wao hawajazaliwa.

Sasa msije mkauchukua utafiti huo mkaniambia, "Si ndiyo hayo tunayosema, hawa watoto wameharibika?" Cathy Spatz Widom, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 1989 ufuatiliaji wa watoto 908 waliopigwa, kudhulumiwa au kutelekezwa, akiwalinganisha na wengine 667 wa mazingira kama yao. Asilimia 26 ya wale wa kwanza walikamatwa kwa makosa wakiwa bado wadogo. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 17. Tofauti ipo na haifai kufichwa. Lakini isomeni kwa upande wa pili: karibu watatu kati ya kila wanne waliotendewa hayo hawakukamatwa wakiwa wadogo. Ninyi mmemtendea Namba 6 kana kwamba hesabu yake ilishafungwa.

Malalamiko yangu, kwa mpangilio:

1. Viboko. Vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010, Kifungu cha 29, inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inarudia katika kifungu cha 36. Mnalijua hilo kuliko mimi. Nimesikia majibu mawili. La kwanza, wazazi wenyewe ndio wanaoomba. Ni kweli, nimemsikia mama kwa masikio yangu akimwambia mwalimu, "Mchape, nirudishie mifupa tu." Mama huyo hulala macho akiogopa mwanawe ataokotwa siku moja kwenye Mto Mathare, na anaomba kiboko kwa sababu hakuna kingine alichowahi kuona kikitolewa. La pili, kwamba sisi sote tulichapwa na tukawa watu. Mimi nilichapwa vizuri sana, Mwenyekiti. Ndiye mimi niliyerusha jiwe.

Na kuna jambo moja zaidi kuhusu ile paredi. Watoto wote walikuwa wakitazama. Mtoto aliyeona mjomba wake akipigwa na mwenye rungu, na sasa anapigwa mbele ya wenzake na mwenye mpira wa maji, anapata somo moja mara mbili: mwenye kifaa ndiye mwenye haki. Bikari nayo ni kifaa.

2. Mwalimu wa ushauri nasaha. Shule yenu inaye, mtaniambia, na jina lake limebandikwa mlangoni. Nimeuona mlango. Una vibandiko viwili: cha juu kimeandikwa USHAURI NASAHA, cha chini kimeandikwa NIDHAMU, na mwenye ofisi ni mmoja. Namheshimu mwalimu huyo, ana vipindi vingi kuliko punda wa mkokoteni, na hakujiteua. Lakini fikirieni mtoto anayetaka kusema kwamba haoti ila mlango ukivunjwa. Anabisha hodi, anakaribishwa, na kwenye pembe ya chumba umesimama ule mpira aliochapwa nao Jumatatu. Mtoto yeyote mwenye akili atasema ametumwa chaki.

Mtajibu kwamba hakuna pesa ya kuajiri mtaalamu. Siombi mtaalamu wa kuvaa koti jeupe. Jijini Monrovia, Liberia, nchi iliyotoka vitani, watafiti wakiongozwa na Christopher Blattman waliwafuatilia wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na fujo za barabarani. Wengine walipewa wiki nane za vikao vya kujifunza kuzuia hasira na kujiona upya, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Waliopata vyote viwili walipunguza wizi na fujo kwa karibu nusu baada ya mwaka mmoja, na walipotafutwa tena baada ya miaka 10, tofauti ilikuwa bado ipo. Baadhi ya walioviongoza vikao hivyo walikuwa wenyewe wamewahi kushika bunduki. Nao walikuwa wakifundisha watu wazima walioshupaa. Ninyi mna watoto wa miaka 13.

3. Kufukuza bila kusikiliza. Hapakuwa na kikao, hapakuwa na maandishi, mama hakupewa nafasi ya kusema. Alisimama ofisini akiwa bado na aproni ya kazi. Nimetajiwa shule mbili zilizomkataa mtoto kwa sababu hana barua nzuri kutoka kwenu. Wenye base, kijiwe cha vijana pale kona, karibu na kituo cha boda boda, hawaulizi barua. Hawana fomu ya kujiunga, hawana karo, na kila jioni wana chapati. Mmoja wao ameshamwita Namba 6 kwa jina mara mbili nikiwa naye. Mkisema mlikuwa mnawalinda wanafunzi wengine, nawaomba mpime: mtoto huyu amekuwa hatari kidogo au zaidi kwa wanafunzi wenu tangu mlipomtoa mikononi mwenu?

Hata aliyechomwa hajasikilizwa. Mama yake ameniambia hakuna aliyemuuliza mwanawe anaogopa nini sasa.

4. Uwanja. Tangu mwaka jana kiwanja cha shule kinalala matatu kuanzia saa kumi jioni. Mnasema mapato yanasaidia shule. Sawa, tubandikiwe hesabu tuione. Watoto wanacheza barabarani.

5. Uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027. Hili huenda mkaona nimelirukia mapema. Lakini mwezi uliopita, kwenye mazoezi, watoto wawili wa shule yenu waliitana kwa majina ambayo sikuyasikia tangu tulipokuwa tukicheza kwenye zile ngazi. Ni watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya 2008. Neno wamelitoa wapi? Limekaa nyumbani, mezani, kwenye simu ya baba, likisubiri. Agosti 2017, hapa Mathare, mtoto wa miaka 9 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya ghorofa. Walioishi naye ploti moja sasa ni vijana, wengine wana watoto wao. Niliuliza shule ina mpango gani wa kuzungumza na wanafunzi kabla ya kampeni kuanza, na baada yake. Nikaambiwa siasa haziruhusiwi shuleni. Mwaka 2008 pia hazikuruhusiwa. Ndiyo sababu madawati yalisogezwa ukutani kimya kimya.

Ninachoomba kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Namba 6 arudishwe, na kabla ya kurudi kuwe na kikao cha watoto wote wawili na mama zao, ambapo atamwomba mwenzake msamaha kwa mdomo wake na mwenzake awe huru kuukataa. Gharama ya hospitali, ambayo nimeona risiti yake, itagawanywa: mama yake Namba 6 amekubali nusu na timu itachanga nusu. Kazi ya ushauri itenganishwe na kazi ya nidhamu, hata kama ni kwa kubadilishana walimu wawili mlio nao tayari, na mpira wa maji urudi bustanini. Bodi iandike barua kwa wazazi kwamba viboko vimekoma, ili mwalimu anayekataa kuchapa asionekane mzembe. Kiwanja kifunguliwe Jumanne na Alhamisi hadi saa kumi na mbili. Na kabla ya mwisho wa muhula huu, muwaite wazazi tuzungumze kuhusu 2027 watoto wakiwa bado wanaitana majina tu.

Kuhusu wa kuongoza vikao: mimi na wenzangu wawili tuko tayari kuketi na wanafunzi kila Jumatano saa tisa na nusu, bila malipo, mwalimu akiwepo, baada ya ninyi kutuchunguza vyeti vya tabia njema kama sheria inavyotaka. Mmoja wetu aliwahi kukaa base ile ile ya pale kona kwa miaka mitano. Nadhani atakuwa mwalimu mzuri kuniliko, ingawa lugha yake itabidi mwivumilie.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 21. Lisipokuja, nitaipeleka nakala ya barua hii na zile tatu zilizotangulia, pamoja na muhuri wenu, kwa wanaosimamia elimu ya kaunti ndogo na kwa maafisa wa watoto. Singependa kufika huko. Nimesoma katika shule hii. Mwanangu wa kwanza anaingia chekechea, PP1, mwakani na nilikuwa nimepanga kumleta kwenu.

Jambo la mwisho ni dogo, na mnaweza kulifanya hata kabla ya bodi kukutana. Wiki iliyopita Namba 6 aliniomba awe kipa. Nilishangaa, maana ana mbio na anapenda mpira wa mguuni. Nikamuuliza kwa nini. Akasema goli la upande wa mto lina ukuta wa ploti nyuma yake, hakuna anayeweza kutokea huko. Nimempa glavu. Akirudi darasani, naomba apewe dawati la nyuma kabisa, lile la pembeni, ukutani.

Wenu mwaminifu,

Kocha, timu ya watoto wa chini ya miaka 14
Mwanafunzi wenu wa zamani